Zamu ya Florent

Mama Mulanga alikataa kuhamia kwa binti yake, na hakuna aliyemlaumu. Kwa watu wa Kasai, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Hata mabwana wa reli pale Kamina, waliozoea kuhamisha watu kama wanavyohamisha mabehewa, walikuwa wameacha kuuliza kwa nini. Basi mwaka ule wa 1954, kiharusi kilipompoozesha Mama mkono na mguu wa kushoto, binti huyo, Lucienne, alimpangia maisha mlemle katika nyumba yake, ya nne kutoka kwa Lucienne mwenyewe.

Alipanga vizuri, tusimnyime haki yake. Albert, seremala wa karakana, alichonga kiti cha haja chenye tundu katikati na ndoo chini yake, akapigilia ukutani ufito mrefu kutoka kitandani hadi mlangoni ili mama ajishikilie akitembea. Kikombe kiliwekwa upande wa kulia. Bukari, ugali wa kwao, ilisongwa laini, na sombe, yale majani ya muhogo, ikatwangwa mara mbili, maana shavu lililolegea halitafuni. Mama alijivuta mwenyewe hadi mlangoni kila asubuhi, akakaa, akasalimiana na kila apitaye, na jioni akamwambia binti yake, "Minyi niko mu nyumba yangu." Hakutaka kingine.

Tatizo likawa tumbo la Lucienne. Siku zake zilikaribia, na mzazi alikuwa akilazwa hospitalini siku kumi nzima. Siku kumi, na mama wa upande mmoja! Lucienne akachukua daftari, akapiga mistari kwa rula, akaandika siku na saa, kisha akamwendea Élisa, jirani yao muuza samaki.

"Kila asubuhi minyi nitamunawisha," Élisa akasema. "Mangaribi, jirani yetu Marthe atamupikia. Lakini siku ya tatu hapana. Treni ya Bukama inaleta samaki, bamama bote tunaenda pa gare."

Ikabaki hiyo siku ya tatu, yaani Jumatano asubuhi, tupu. Lucienne aliitazama nafasi ile ikamkera kama jino lililong'oka. Mumewe, Florent, aliyekuwa akitia makaa kwenye garimoshi, hakuwa na safari Jumatano. Akaandika: Florent, nje.

Neno hilo "nje" halikuwa la bure. Tangu harusi, miaka mitatu, Florent na Mama Mulanga hawakuwa wametazamana usoni. Wakikutana njiani, kijana alikuwa akiingia majanini na kugeuka. Walikuwa wakizungumza, tena kwa mapenzi makubwa, lakini ukuta ulikuwa katikati yao. Mbuzi tu ndiye angeweza kulegeza heshima hiyo: mkwe akishamtoa mbele ya watu, na mama akimpokea, anaruhusiwa kuingia na kuhudumia.

"Nilete kwanza ile mbuzi?" Florent aliuliza.

Mama akajibu kutoka ndani, "Mutoto azaliwe kwanza. Tutakula mara moja, furaha mbili." Lucienne akacheka, akakubali. Alikuwa amechoka, miguu imemvimba, na karamu moja ni nyepesi kuliko mbili.

"Basi weye utaikala inje pa dirisha," akamwambia mumewe. "Kama kuko kintu, utaita bamama."

Bamama gani, wakati ameambiwa kwa kinywa cha Élisa kwamba wote watakuwa stesheni? Hakujiuliza. Nafasi ilikuwa imejaa, daftari lilipendeza, akalifunga.

Mtoto alizaliwa Jumapili. Alhamisi Élisa akaja kumwona mzazi, mikono mitupu, akakataa kuketi. Ndipo Lucienne alipojua.

Jana yake, kama saa mbili asubuhi, Mama alikuwa akitoka kwenye kile kiti. Mguu wenye nguvu ukateleza, akaanguka, ndoo ikamwagika, kikwembe alichojifunga kikabaki juu ya kiti. Florent alisikia kishindo.

"Mama, uko muzima?"

"Hapana kuingia, mukwe. Niko uchi."

Florent akaligeuzia dirisha mgongo, akaita. Akagonga kila mlango wa mtaa. Waume walikuwa kazini, watoto shuleni, wanawake stesheni. Akarudi akasimama palepale akimwongelesha mama, na mama akimtuliza, "Ngoja, banarudia sasa hivi." Lakini siku hiyo treni ilichelewa. Ulikuwa mwezi wa sita, sakafu ya sementi baridi kali, tena imelowa. Sauti ya ndani ilipoanza kukatika ndipo Florent alipokimbilia stesheni. Élisa alipoingia kumfunika, saa tano ilikuwa imepita.

Lucienne alitoka wodini bila kuaga, mtoto kifuani. Alimkuta mama kitandani, pumzi ikikwaruza, chumba kimejaa wageni. Na mama alikuwa akiwasimulia kwa fahari, neno moja kila pumzi:

"Mukwe yangu njo muntu. Hakuniona. Hata kidogo."

Wageni wakaitikia kwamba mkwe wa namna hiyo hapatikani siku hizi. Lucienne akatoka, akamkuta Florent nyuma ya nyumba, ameinama.

"Ungeingia," akamwambia. "Ungefunga macho, ungeingia."

"Yeye alikataza," Florent akasema. Kisha, polepole, bila ukali wowote: "Na weye njo uliandika inje."

Kweli, mwandiko ulikuwa wake. Lucienne alimchukia mumewe siku ile, akamchukia mama kwa fahari yake, kisha chuki yote ikamrudia mwenyewe ikakaa. Hakupanga tena lolote. Wanawake walikuja wengi mno, wakapokezana usiku na mchana bila daftari, na haikusaidia kitu. Muuguzi alileta dawa, akasikiliza kifua, akaondoka bila kusema atakuja tena lini.

Mama alimwona mjukuu wake mara mbili. Mara ya tatu hakumtambua.

Jumapili, baada ya misa, Lucienne alikuwa peke yake naye pumzi ilipokwisha. Alimfumba macho, akamnyoosha mkono ule wa kushoto, mwepesi mno. Kupitia dirishani akasikia mumewe akikohoa.

"Mama iko namna gani?"

"Ingia, Florent."

Nyayo zikafika mlangoni zikasimama. Aliona ncha za viatu vyake vya kazi, vyeusi kwa makaa.

"Yeye amekubali niingie?" Florent akauliza.

Lucienne alimfunika mama yake uso kwa kikwembe, na Florent akabaki nje.