Dakika ya Tisa

Sheria ndogo ya manispaa ilisema hivi: mwanamke akisimama mahali pamoja zaidi ya dakika kumi bila sababu, ni kahaba, akamatwe. Shangazi yangu, ambaye kazi hiyo ndiyo aliyonisomeshea chuo, alishakamatwa mara mbili. Ya tatu ni jela. Kwa hiyo yeye na wenzake kila dakika ya tisa husogea hatua tatu.

Siku baraza lilipokaa kuamua kama sheria ifutwe, mimi, Shangazi na wenzake tulisimamishwa ukutani, karibu na mlango. Viti vilikuwa vya madiwani tu. Nilikuwa nimeandika utetezi wa kurasa nne, lakini nikaukunja nikautia mfukoni. Mwenyekiti alikuwa amesahau miwani, akawa anasoma ajenda kwa kubahatisha. Mara safu nzima ikasogea hatua tatu.

"Mnakwenda wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Hatuendi, mheshimiwa," Shangazi akajibu. "Tunatii sheria."

Diwani mmoja alicheka hadi akapaliwa.

"Sheria haimgusi mwanamke mwenye heshima zake," Mwenyekiti akafoka. "Askari wana macho!"

"Wanayo, ila yanaishia miguuni. Mwenye kandambili ndiye kahaba," Shangazi akasema.

Kelele zikazuka mlangoni. "Dakika kumi na moja, mama! Twende kituoni."

"Nimemletea mume wangu miwani! Yuko humo ndani!"

"Wote husema hivyo."

Mwenyekiti akaruka. "Huyo ni mke wangu!"

"Mheshimiwa, bila miwani una uhakika?" askari akauliza, kwa adabu kabisa.

Mama wa watu alikuwa amevaa kandambili, miguu imemvimba. Shangazi akamshika mkono. "Dada, sogea hatua tatu."

Akasogea. Askari akatazama saa yake, akashusha pumzi, akaanza kuhesabu upya.

Mama akaingia, akamvisha mumewe miwani mbele ya baraza zima. "Haya, baba watoto. Soma vizuri hicho unachokitetea."

Alisoma. Kura zilipopigwa, mkono wake ndio uliotangulia kupanda. Sheria ikafutwa siku hiyo hiyo.

Tulipotoka, Shangazi alisimama mlangoni, tuli. Dakika ya tisa ikapita. Nikamvuta nguo, akanipiga kikofi mkononi.

"Afande, ya ngapi hiyo?"

Askari akatazama saa. "Ya kumi na nne, mama."

"Basi niletee kiti."