Mashua ya Jumapili

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Ngari wa Mbeere, maskini, alitishwa na lile alilolijua.

Ofisa Mzungu alimwita kambini mchana kweupe, mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, akamfunulia kitabu cha picha za mashua. Alitaka moja ya starehe, ya kuvulia samaki mto Tana kila Jumapili. "Wewe fundi ya mizinga ya nyuki, najua mbao," alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja. "Chagua. Hapana ogopa."

Hapana ogopa! Nyuma ya ofisa alisimama Kathuri, homgadi, mlinzi mwenyeji wa serikali ya kikoloni, bunduki begani, na Kathuri alikuwa akimsaka mtu anayewavushia wapiganaji wa msituni unga ng'ambo ya mto. Mtu huyo alikuwa Ngari. Alikuwa amechonga gogo pana kuliko mzinga wowote wa nyuki, akalifanya bapa chini, akawa analipiga kafi alfajiri kabla doria haijaamka.

Picha zilikuwa tatu. Ya tanga haikufaa. Upepo gani kule bondeni? Ya pili ilikuwa na tumbo refu lenye ncha, na mawe ya chini ya maji yangeipindua mara moja. Iliyofaa ni ya tatu, ile bapa. Lakini wenyeji walishapigwa marufuku kufika mtoni, na mchonga mizinga angeyajuaje mawe ya huko?  Akaiwekea kidole ile ya tumbo refu. Na azame, shauri yake!

"Mzuri sana!" Ofisa alifurahi. "Jumapili ya kwanza napeleka memsahib yangu, na mtoto, na yaya yake."

Yaya alikuwa Kaari, binti wa pekee wa Ngari, aliyekuwa pale barazani akimbembeleza mtoto wa watu. Hajui kuogelea, nani huku anajua? Uwii, Mungu wangu! 

"Siyo hiyo, bwana," akasema. "Chukua hii bapa. Kuna mawe chini ya maji, hayaonekani."

Ofisa akaitia alama picha ya tatu, akashukuru. Kathuri ndiye aliyesogea.

"Kama hayaonekani, mzee, wewe umeyajulia wapi?"

 Ngari alimgeukia Kaari, akamwambia kwa Kimbeere amweleze mama yake asimpikie baba leo.