D ya Mwalimu Bernardo

Tabora nzima inajua sheria moja ya kompyuta: kitu unachokipenda, kiweke D. Windows ikiugua, fundi ataifuta C, sehemu ya diski inamokaa, na kuiweka upya, lakini D, sehemu ya pili, haiguswi. Picha za harusi ziko D. Hesabu za vikundi ziko D. Na Mwalimu Bernardo, kabla hajafa, nyimbo zake zote aliziweka D.

Alikuwa mwalimu wa kwaya Igalula. Miaka mingi alizunguka Tura na Goweko akiwatafuta wazee waliokumbuka nyimbo za wapagazi, zile walizoimba babu zao wakipeleka pembe pwani. Akishajifunza wimbo, alirudi nyumbani akaurekodi kwa sauti yake mwenyewe: yeye anaanzisha, mkewe Bernadeta anaitikia. Wazee wale wamekwisha wote. Naye akawafuata.

Sasa ndugu walikuwa wanakutana Igalula kwa misa ya kumaliza msiba, na Bernadeta alitaka sauti ya mumewe isikike siku hiyo. Yeye mwenyewe hakuwa ameisikia tangu mazishi, alikuwa akiogopa. Alipopata moyo, laptopu ikagoma. Iliwaka, ikazungusha kiduara chake, ikaganda. Ndipo akapanda treni kuja mjini kwa Leodgar, mtoto wa shemeji yake, fundi aliyepanga kona ya duka la Moiz la vifaa vya ofisi, pale Kanyenye.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea baba yako." Akaifungua khanga, akaiweka laptopu mezani. "Sitaki iwe mpya. Nataka iimbe tu."

"Nyimbo aliziweka wapi?"

"Alisema D."

"Basi kalale usingizi. Hii Windows imezeeka, wenyewe walioitengeneza wameshaitelekeza. Nakuwekea Linux badala yake. Haina virusi, haigandigandi, na hailipiwi."

"Hayo ni yenu. Kesho asubuhi nitaipitia, nielekee stesheni."

"Mama," Moiz akadakia kutoka kaunta, "huyu juzi kanitengenezea printa. Mpaka leo inatoa kurasa nyeusi kama mkaa wa Urambo."

"Moiz, wewe uza bahasha."

Bernadeta alicheka kidogo, akaenda kwa nduguye wa Mtendeni. Alipotoka, Moiz akasogea.

"Kaka, nakili nyimbo kwanza."

"Ninakili wapi? Flashi yangu ndiyo hii yenye Linux."

Moiz akatoa flashi mpya kwenye kabati la kioo. "Shika. Ukimaliza utanirudishia."

"Ili kesho utangaze Kanyenye nzima kwamba fundi hana hata flashi? Rudisha kabatini. D haiguswi."

Moiz akairudisha.

Laptopu haikuiona flashi ya Linux. Leodgar alibonyeza vitufe vya mstari wa juu kimoja baada ya kingine, akizima na kuwasha, mpaka kimoja kikakubali. Kioo kikawa cheusi, kikatiririsha maandishi meupe yasiyosomeka, kikanyamaza. Akaanza upya. Safari hii picha ilikuja lakini mshale wa kipanya haukuonekana. Akaanza tena. Hatimaye ikamuuliza lugha, akachagua Kiswahili, akamgeuzia Moiz kioo.

"Ona! Inaongea kama mtu wa Unyanyembe."

Ilikiongea kurasa mbili. Ya tatu ilikuwa nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na ya nne, ile iliyokuwa na maana kuliko zote, ilikuwa Kiingereza kitupu. Leodgar aliitafuta C. Hakuna. Akaitafuta D. Hakuna. Palikuwa na sda1, sda2, sda5, kama namba za mabehewa ya mizigo, na juu yake mstari mmoja uliokwisha kuchaguliwa tayari: futa diski, weka mfumo. Chini kulikuwa na onyo kwa herufi ndogo za kijivu. D halikuitaja. Aliyeuandika ukurasa ule hakuwahi kukutana na mtu aliyefundishwa kwamba dunia ina C na D.

"D ni ipi hapo?" Moiz akauliza.

Leodgar alikuwa akijiuliza hilohilo. Lakini Moiz alikuwa amesimama nyuma yake, na tabasamu lake la printa lilikuwa bado usoni.

"Diski ni pale Windows inapokaa," akasema kwa sauti kubwa. "D iko pembeni." Akabonyeza.

Linux iliwaka kama kiberiti kikavu. Ilikuwa nyepesi, nzuri, haraka. Leodgar akapiga makofi, akafungua folda ya muziki. Tupu. Akafungua nyingine. Tupu. Akarudi akahesabu diski: moja tu, nyeupe, safi kama sahani iliyooshwa.

Moiz alifungua kabati, akaichana pakiti ya ile flashi, akaiweka mezani. Wakapakua programu ya kufufua mafaili, ikachimba mchana kutwa. Ilileta mamia ya mafaili yasiyo na majina. Waliyafungua moja moja. Yote yalitoa mlio mmoja, kama mvua juu ya bati.

Asubuhi Bernadeta alikuja na khanga ileile mkononi.

"Mama mkubwa, D haipo."

"Imekwenda wapi?"

"Nimeifuta."

Alimtazama. Kisha akasema, "Iwashe." Leodgar akaiwasha. "Inawaka upesi," akasema.

"Ndiyo, mama."

Aliifunga laptopu kwenye khanga, taratibu, akifundika ncha kama anavyofungwa mgonjwa asipigwe na baridi. Leodgar aliomba kuibeba hadi stesheni. Alikataa kwa kichwa. Leodgar akamfuata hata hivyo, mikono mitupu, akapanda behewa lilelile.

Igalula, baada ya misa, watu walikaa kwenye mikeka wakisubiri sauti. Bernadeta alisimama. "Sauti haipo," akasema. Hakumtaja mtu. Kisha akaanza kuimba.

Aliimba mwitikio, kwa maana huo ndio pekee aliokuwa anaujua. Siku zote mwanzilishi alikuwa Bernardo. Akaimba mstari wake, akanyamaza kwa urefu wa mstari wa mumewe, akaimba tena, akanyamaza. Watu wakageuka wakatazamana, wakimtafuta wa kuanzisha. Hakuwepo. Leodgar alifungua mdomo. Hakuwa na neno hata moja la kuweka pale.

Bernadeta alimaliza wimbo mzima namna hiyo, bila kuruka pengo hata moja.