Pumzi ya Gerishon Ndani ya Ekzosi

Saa mbili asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Novemba 2013, Gerishon Mwakio alikuwa amelala chali juu ya kipande cha katoni katika gereji moja ya Industrial Area, Doha, akitazama ekzosi mpya ya pikipiki ya mudir. Ilikuwa ekzosi nzuri: mabomba mawili ya kung'aa yaliyoletwa kwa ndege, mepesi kuliko yale ya kiwandani na yenye kelele mara mbili. Mudir aliyafungisha Alhamisi. Ijumaa akaenda nayo ufukweni Sealine na rafiki zake, na kila alipoachia mafuta pikipiki ilibweka kama mbwa aliyefungwa. Rafiki zake walicheka. Jumamosi ikarudi gereji.

Mudir ndiye aliyekuwa mwenye gereji, na ndiye kafili wa Gerishon, mdhamini aliyemleta kazini Qatar. Pasipoti ya Gerishon ilikaa kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti cha mudir, na mtu hakuweza kutoka Qatar bila khuruj, yaani karatasi ya ruhusa yenye saini ya kafili. Gerishon hakuwa ameona kwao Wundanyi kwa miaka mitatu na nusu. Tarehe saba Desemba binti yake Jerusha angeolewa. Katika ukoo wao baba hupiga funda la maji, akanena maneno ya heri, akampulizia bibi arusi yale maji kama manyunyu. Baba ambaye hajapuliza hajamtoa binti, ametorokwa.

"Ya Kenya," mudir alimwambia, akimaanisha ewe Mkenya, "ikitembea bila kubweka, nasaini."

Gerishon alilichukua neno hilo kama lilivyo.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Pikipiki ile haikuwa na kabureta. Kompyuta ndogo chini ya kiti ndiyo iliyoamua injekta inyunyize petroli kiasi gani, na sensa iliyochomekwa kwenye ekzosi ilionja moshi na kuiambia kompyuta kama hewa imezidi. Ukifunga ekzosi iliyo wazi kuliko ya kiwandani, hesabu za zamani hazifai tena. Petroli inakuwa kidogo, hewa inakuwa nyingi, na kile ambacho hakikuungua ndani ya injini kinaungulia bombani. Na kama kwenye maungio kuna tundu hata la sindano, hewa ya nje inaingia, sensa inadanganyika, na mbwa anabweka.

Gereji ilikuwa na mashine ya kutafuta matundu. Gerishon hakuipenda. Aliacha shule darasa la sita, akafundishwa kazi na fundi mmoja wa Voi ambaye mashine yake ilikuwa mdomo. Unaziba upande mmoja wa bomba kwa kitambaa, unapuliza upande wa pili, na kiganja kinapita kwenye maungio kutafuta upepo. Ndivyo alivyofanya. Alipata upepo kwenye gasketi ya silinda ya kushoto, akabadilisha gasketi, akapuliza tena kwa nguvu zake zote. Upepo haukutoka popote. Pumzi yenyewe nayo haikutoka. Aliona kitambaa kimebaki kimetuna, lakini kazi ilikuwa nyingi, akafunga bomba kwenye injini vilevile.

Kisha akachomoa waya wa betri ili kompyuta isahau ilichojua, akaurudisha, akawasha, akachuchumaa pembeni robo saa huku injini ikijifunza upya. Ilinguruma taratibu kama mtu aliyeshiba. Akaizungusha mtaani mara tatu. Haikubweka.

Shaji, msimamizi Mhindi kutoka Kerala, aliichukua kwa majaribio. Kwenye kona ya pili pikipiki ikakohoa, ikabweka mara moja, ikazima. Aliirudisha akiisukuma, shati limemganda mgongoni. Alipofika mbele ya Gerishon, injini ikawaka yenyewe.

"Mafi mushkila," Shaji alisema, akijifuta jasho. "Hakuna shida, inakutaka wewe."

Wakapima. Gerishon akisimama hatua tano kutoka kwenye pikipiki, injini ilikuwa sawa. Hatua tisa, ilianza kupanda na kushuka. Hatua kumi na mbili, ilizima. Akirudi, iliwaka. Wakaifanya mara sita, wakiandika kwa chaki sakafuni. Walibadilisha sensa. Walifunga kifaa cha kuongeza petroli, kile kinachouzwa kwa ajili ya ekzosi za namna hiyo. Walitoa mabomba wakayapiga upepo wa kompresa, na kitambaa kikiwekwa kilituna tena. Siku ya tatu walichomoa betri, Shaji akapuliza bombani yeye mwenyewe hadi macho yakawa mekundu. Injini ilimtemea pumzi yake usoni, ina harufu ya vitunguu.

"Ina adabu mbaya," alisema Shaji.

Jambo lilikuwa wazi. Kompyuta ilijifunza hewa kwa pumzi ya Gerishon, na hewa nyingine yote iliiona kuwa kosa.

Kadi ya kazi ilikuwa na mstari wa kueleza tatizo. Shaji alimshauri aandike gasketi.

"Gasketi nimeshabadilisha," Gerishon alisema.

"Andika tu. Nani atasoma?"

Gerishon hakuwahi kuandika uongo kwenye kadi, huko Voi wala hapa. Aliandika: *Ekzosi imezoea pumzi ya fundi. Inatembea vizuri fundi akiwa karibu.* Akatia sahihi.

Mudir aliisoma mara moja, akaiweka mezani na kuuliza swali moja tu, kama fundi akienda Kenya pikipiki itatembea au haitatembea.

"Haitatembea."

"Basi kazi haijaisha."

"Haibweki tena, mudir. Ulisema isibweke."

"Nilisema ikitembea." Alifungua mikono kwa upole. "Wewe ndiwe spea, ya Kenya. Spea moja, hakuna stoo yenye nyingine. Nitairuhusu vipi itoke?"

Gerishon alirudi nyuma ya gereji, akachukua tyubu kuukuu ya tairi, akaipuliza kwa mdomo mpaka ikajaa, akaifunga chini ya kiti na kuelekeza valvu yake kwenye ekzosi. Shaji akaondoka nayo. Alikwenda hadi Salwa Road akarudi, dakika ishirini, kisha ikazima karibu na msikiti. Tyubu ilikuwa bapa.

Kwa wiki mbili Gerishon alijaza tyubu. Alijaza wakati wa chai na wakati wa chakula, akazitundika ukutani kwenye misumari, kila moja na tarehe yake. Alizipata arobaini. Alikonda. Akipanda ngazi za kambi ya wafanyakazi alipumzika kila ghorofa, na kwenye simu mkewe Peninah alimuuliza kwa nini anaongea kama mtu anayekimbia.

"Ni kazi tu," alisema. "Nakuja."

Mudir aliletwa kuona ukuta. Alihesabu kwa kidole hadi saba, akaacha.

"Dakika ishirini kila moja? Sealine ni saa nzima."

"Unabeba tatu, mudir. Nne na ya akiba."

"Mimi ni muuza tyubu?" aliuliza. Hakuwa amekasirika. Aligonga mojawapo, ikatoa sauti. "Mafi khuruj. Mwakani, inshallah."

Alitoka nje, akapanda pikipiki, akangoja. Baada ya muda Gerishon akaelewa kinachongojwa, akapanda nyuma yake.

Katika chumba cha kambi, kitanda cha chini kilikuwa cha Onyango, mlinzi wa hoteli moja kule Al Sadd. Kafili wake Onyango alikuwa mwingine, na likizo yake ilikuwa imesainiwa. Alikuwa akifunga sanduku Gerishon alipoingia na tyubu moja, ile aliyoipuliza kwa muda mrefu kuliko zote.

"Mzee, hiyo ni nini tena? Kisumu tuna ziwa, hatuogelei na tyubu."

"Utaipeleka Wundanyi."

"Wundanyi? Fundi, hiyo ni njia ya nyumbani kwetu kweli? Ni kama kwenda jikoni kupitia paa."

"Siku ya arusi mdogo wangu ashike funda la maji. Akiinama mbele ya Jerusha, mfungue hii mbele ya mdomo wake, ipulize yale maji usoni pa binti. Maneno nimeshayasema ndani."

Onyango aliitazama ile tyubu, akamtazama na mwenzake ambaye mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza. Akatoa blanketi moja kwenye sanduku ili ipate nafasi.

"Hapana, bora niibebe mkononi," alisema, akirudisha blanketi. "Ikipasuka kwenye mizigo baba mkwe atatukanwa bure."

Kwenye uwanja wa ndege askari alimuuliza Onyango ndani ya tyubu kuna nini.

"Pumzi ya mtu."

Askari aliibonyeza, akaipitisha kwenye mashine, akaona hakuna kitu. Aliangalia khuruj ya Onyango, akagonga muhuri. Kwa pumzi hakuna karatasi iliyohitajika. Ilitoka Qatar saa tano asubuhi, siku ya Alhamisi.

Jumamosi, tarehe saba, mudir alikwenda Sealine na rafiki zake. Gerishon alikaa nyuma, kofia ya kuazima kichwani, mikono imeshika chuma cha kiti kwa kuwa mudir hakupenda kushikwa. Pikipiki ilitembea vizuri. Rafiki za mudir hawakucheka. Mmoja aliuliza bei ya mabomba. Mchanga ulipita kushoto na bahari kulia.

Saa saba kasorobo pikipiki ilibweka, mara moja, kwa nguvu. Kisha ikaendelea.

"Nini hiyo?" mudir alipaza sauti.

Gerishon aliangalia saa. Ya Doha na ya Wundanyi ni moja.

"Petroli mbaya," alisema. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kuhusu injini.

Jioni Peninah alipiga simu. Alisema mambo yamekwenda vizuri, saa saba kasorobo manyunyu yalimfikia Jerusha usoni na kifuani, na wazee waliyasikia maneno yote na kuyakubali. Jerusha alilia kidogo. Alisema baba ananuka petroli.

"Umeridhika?" Peninah aliuliza.

"Mpe simu."

"Wameshaondoka, baba Jerusha."

Jumapili asubuhi kulikuwa na kadi mpya juu ya meza ya Shaji. Mudir alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Imebweka mara moja. Tafuta sababu.* Gerishon alitandika katoni, akalala chali, akafungua ekzosi. Gasketi ilikuwa nzima. Akaziba upande mmoja wa bomba kwa kitambaa, akavuta pumzi, akapuliza.