Bibi wa Darini, Sehemu ya Saba

Mtu akikudanganya mara moja, unamsamehe. Bibi wa Darini amenidanganya mara tano, na mara zote tano nilikaa kwenye benchi hadi mwisho, nikisubiri aniogopeshe kama zamani.

Sehemu ya kwanza niliiona na kaka yangu Wiliam, mimi nina miaka saba, yeye tisa, kwenye kibanda cha video pale Majengo. Filamu ni ya kizungu, lakini sisi tuliisikia kwa Kiswahili, maana DJ Yonas alikaa kando ya televisheni na maiki yake, anatafsiri kila kinachosemwa. Kile kibibi kinatembea darini taratibu, kinachungulia kwenye tundu, halafu kinahesabu waliomo chumbani: "Mmoja amelala. Wa pili amelala. Wa tatu anajifanya amelala." Jamani. Wiliam alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Mwezi mzima tulilala kitanda kimoja, kila mmoja akimwomba mwenzake asijifanye.

Zilizofuata zilitafsiriwa na madijei wa Dar, wanaojua Kiingereza chao vizuri. Upuuzi mtupu. Ya pili, Bibi kahamia hotelini. Ya tatu, kumbe ana pacha. Ya nne wakatusimulia utoto wake wote, alivyonyimwa mdoli, ili tumhurumie. Mimi sikutoka nyumbani kwenda kumhurumia mzimu. Ya tano sitaki hata kuizungumzia. Ya sita kapanda ndege. Na hahesabu tena hata mtu mmoja.

Ningeshaachana naye, ila Wiliam yuko Kasanga, anapakia mizigo bandarini kule ziwani, na kitu pekee kinachompandisha huku kwenye baridi ni Bibi. Sehemu mpya ikitoka, anakuja na samaki wa ziwani, migebuka mikavu, tunaangalia, analala siku mbili, anaondoka. Tangu mama afariki hana sababu nyingine, na mimi siwezi kumwambia tu njoo, nimekukumbuka. Hatukulelewa hivyo. Mwezi uliopita akapiga simu. "Herieth, ya saba imetoka. Nakuja Jumamosi ijayo. Ikiwa ya kipuuzi, mimi na Bibi basi. Sipandi tena huko."

Nikapandwa na hasira, si kwake, kwa Bibi. Mimi ni fundi cherehani. Nguo ikikataa kukaa mwilini, naifumua nione ilipoanza kuharibika. Nikatafuta ile ya kwanza, ambayo haijatafsiriwa, na mwalimu Suma alipokuja kujaribu suruali yake nikamkalisha mbele ya kompyuta. Ni Mnyakyusa, anafundisha Kiingereza sekondari.

"Hapo anahesabu," nikamwambia. "Nitafsirie neno kwa neno."

Mwalimu akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. "Hahesabu mtu, dada Herieth. Anaulizia ndala zake."

"Ndala?"

"Anasema sakafu ina baridi, nani kachukua ndala zangu. Ni hizo ndala tu mpaka mwisho."

Nikacheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni. Halafu nikafunga ofisi, nikaenda kumtafuta Yonas.

Siku hizi ana mashine ya kusaga jirani na wauza mahindi, nyusi zimejaa unga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta debe ngapi?"

"Nimeleta ndala," nikasema, nikamweleza yote. Akazima mashine.

"Kiingereza chenyewe nilikuwa sikijui," akasema. "Mwenye kibanda alinichukua kwa sababu ya sauti. Nikawa naangalia uso wa mtu, nasema linalomfaa."

"Na kule kuhesabu?"

"Huyo ni mama yangu. Tulikuwa tisa, kule Mwazye. Kabla hajazima koroboi alipita kutuhesabu, na anayejifanya amelala alimjua." Akajifuta uso. "Ndiye mimi."

Nikamwomba aje atafsiri ya saba. Akakataa. Watu siku hizi wanajua Kiingereza, akasema, watamzomea.

"Wazomee," nikamwambia. "Kaka yangu asipoogopa Jumamosi, nitakuja kumwona kwenye misiba tu."

Akaniangalia kidogo, akauliza filamu inaanza saa ngapi.

Jumamosi saa tisa alasiri kibanda kilijaa. Wiliam alikuwa amejifunga koti mpaka kidevuni, amenuna tangu stendi. Filamu ikaanza, na huyo Bibi, yuko kwenye duka kubwa la nguo, anasukuma toroli. Wiliam akashusha pumzi. "Unaona sasa," akasema.

Yonas akashika maiki. Akamwangalia Bibi usoni kwanza, hadi watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Halafu ikatoka ile sauti, imezeeka kidogo, na kwa hilo imezidi kuwa mbaya. "Mmoja ana njaa. Wa pili amechoka. Wa tatu..." Bibi akageuka, akatutazama. "Wa tatu anajifanya haogopi. Nimemwona tangu anashuka kwenye basi."

Nilikuwa najua. Nilijua kabisa kwamba yule bibi anaulizia bei ya soksi, au kitu kama hicho. Na bado nilipandisha miguu juu ya benchi. Mkono wangu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Nikatazama: Wiliam ameukamata kwa mikono yote miwili, koti liko kichwani.

Tulipotoka jua lilikuwa bado lipo. Nikamweleza kila kitu, ndala na yote. Wa kumdanganya kaka yangu ni Bibi, si mimi. Nilidhani atakasirika. Akageuka, akarudi ndani, akamkuta Yonas anakunja nyaya.

"Mzee, ya nane inatoka lini?"

"Sijui, mwanangu. Labda miaka mitatu."

Wiliam akafikiri. "Mbali," akasema. "Basi Krismasi nikija turudie hiihii. Wewe si utasema mengine?"