Turbo ya Gari la Shangazi

Mimi Zuwena ni fundi wa umeme wa magari hapa Bagamoyo, gereji yangu iko barabara ya Msata, na kabla hujauliza: ndiyo, ni mwanamke, na la, mume wangu si fundi, anauza madafu. Nimechoka kulijibu swali hilo, kwa hiyo nalijibu mwanzoni.

Mtoro ni binamu yangu. Mama yake, Shangazi Mwanajuma, ni dada wa baba. Kwetu mabinamu ni watani tangu kuzaliwa, na mimi na Mtoro tumeifanya kazi hiyo bila likizo. Siku ya harusi yake nilimwambia biharusi, mbele ya mashangazi wote, kwamba mlango wa nyuma uko wazi. Nilipojifungua alikuja hospitali, akamtazama mtoto, akauliza kama hospitali inakubali kurudishiwa. Hakuna aliyekasirika. Mtani hakasirikiwi.

Shangazi alifariki mwaka jana. Aliacha shamba la mananasi Kiwangwa na gari lake, Toyota ya zamani yenye injini ya kawaida, isiyo na turbo. Alilinunua kwa korosho za miaka saba na alilipenda kuliko alivyotupenda sisi. Ufundi nilijifunzia humo. Plagi ya kwanza kuishika maishani mwangu ilikuwa yake. Siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Zuwena, Mtoro hana akili ya gari. Injini yangu iangalie wewe." Basi injini ile ikawa amana, na amana mtu anaulizwa mbele ya Mungu.

Miezi minne baadaye Mtoro akaja na turbo ndani ya kiroba. Aliipata Dar, kwenye gari lililovunjwa.

"Nikipakia mananasi ya kupeleka Lugoba, vilima gari linapanda kama wewe ukitoka kula," akasema. "Nifungie hii."

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, nayo inaishindilia injini hewa. Hewa ikizidi, petroli nayo izidi, na cheche ya plagi ichelewe kidogo. La sivyo petroli inalipuka kabla ya wakati wake, inaigonga pistoni mpaka inaiua. Anayepanga yote hayo ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na kontroli boksi la Shangazi lilikuwa halijawahi kusikia habari za turbo.

"Njia ziko nne," nikamwambia. "Ya kwanza, boksi tuliache lilivyo, tuongeze nguvu ya pampu ya petroli tu. Huo ni ulaghai, maana cheche hazichelewi. Ya pili, tuweke kiboksi pembeni, kinapokea taarifa za sensa, vile vipimaji vya injini, kinazibadilisha kidogo, ndipo kinazipeleka kwa boksi kubwa. Ya tatu, nifute programu ya ndani niandike nyingine kwa laptop, lakini boksi la mwaka ule limefungwa, halikubali. Ya nne, tung'oe boksi, tuweke kompyuta mpya nzima, niipange kuanzia sifuri. Hiyo wiki mbili, na ndiyo ninayoitaka."

"Ipi ya kumaliza kesho?"

"Ya pili. Lakini upepo wa turbo uwe mdogo sana."

"Basi ya pili."

Hapo ningesema hapana. Sikusema, kwa sababu nami nilikuwa na hamu ya kuisikia turbo ile ikilia, na huo ndio ukweli.

Nikafunga. Tukatoka barabarani, Mtoro anaendesha, mimi laptop mapajani naandika hesabu za kiboksi. Upepo nikauweka mdogo, cheche nikazichelewesha, gari likapanda vizuri bila kugonga. Tuliporudi nikamwonyesha nati moja karibu na turbo.

"Hii ndiyo inayotawala upepo. Ukiikaza, upepo unazidi, kiboksi hakina hesabu yake, na injini inakufa. Usiiguse." Ningeishia hapo. Lakini mdomo umeshazoea, nikaongeza, "Na ukitaka kuigusa, nawa kwanza, mikono yako inanuka papa."

Mtoro akacheka, akaondoka zake Kiwangwa.

Jioni ile roho haikutulia. Nikampigia. "Mtoro, lile la nati sikutania."

"Haya, mtani," akasema, anacheka.

Nikabadilisha sauti. "Ndugu yangu Mtoro, tafadhali sana, nakuomba."

Alicheka mpaka akapaliwa. Nikamsikia anamwita mkewe, Maulida, aje haraka, Zuwena kamwita ndugu. Kesho yake nikaandika karatasi, USIKAZE NATI, nikaigonga muhuri wa gereji, nikamtumia. Aliisoma barazani, na nikaambiwa watu walishika mbavu. Nikampigia Maulida mwenyewe. Akaniambia, "Wifi, na wewe huchoki?"

Kilichobaki ni kiapo. Lakini Idi iliyopita nilimwapia Mtoro, wallahi, kwamba pilau iliyo mdomoni mwake ni ya nyama ya punda, na akaitema mbele ya wakwe. Mungu anisamehe, kiapo changu nilishakichezea. Nikaamua Jumamosi niende Kiwangwa nikaichomelee ile nati isigeuke tena.

Alhamisi saa nne asubuhi simu ikalia. Mtoro alikuwa karibu na Lugoba, kando ya barabara kuu. "Lilipiga kishindo," akasema. "Halafu likanyamaza. Njoo."

Nilimkuta kasimama mbele ya boneti iliyo wazi, mananasi yamejaa mpaka darini. Oili ilikuwa imetambaa mpaka kwenye majani.

"Umekaza?"

"Kidogo."

"Kidogo gani?"

"Mzunguko mmoja na nusu." Hakunitazama. "Nilijua umenibania nguvu makusudi, unanitania."

Nikalala chini ya gari na tochi. Mkono wa pistoni ulikuwa umekatika na kutoka nje kupitia ubavu wa injini, na tundu lenyewe ngumi inapita. Hiyo haichomelewi, haizibwi, haina fundi. Nililala pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka anione.

Nilipotoka, Mtoro akaniuliza, "Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Nitukane. Sema pua, sema mikono, sema chochote." Akanisogelea. "Nitukane, Zuwena. Ukinitukana nitajua linatengenezeka."

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta, na hiki ni kiapo cha kweli. Nina matusi ya Mtoro ya miaka thelathini na sita, na sikupata hata moja.

"Pole, Mtoro," nikamwambia. "Pole sana, kaka yangu."

Safari hii hakucheka. Alikaa chini palepale kando ya lami, akaweka mikono kichwani, akamlilia mama yake kwa mara ya kwanza. Siku ya maziko hakupata nafasi, nilikuwa namchekesha.