Boksi la Sabufa na Kiti cha Mama

Tulikuwa sita siku ile, ukimhesabu na mtoto mgongoni: mimi, mwanangu, mume wangu, mama yake kwenye kiti chake cha magurudumu, fundi wa maboksi ya spika, na rafiki wa mume wangu wanayemwita Injinia, ambaye uinjinia wake wote ni kuuza makava ya simu, lakini leo kainama ndani ya buti la gari letu anagonga mabati kwa kidole kama daktari anayepima kifua, anasema hapa linaingia boksi kubwa la sabufa, la tundu, upana wote... fundi anamwambia taratibu kwamba kwa spika hii la kuzibwa linatosha, dogo, besi inatoka kavu, kila mpigo unausikia peke yake, la tundu lina kishindo zaidi lakini linataka nafasi, na mume wangu anatikisa kichwa kama mtu anayeelewa, yeye ambaye redio ya nyumbani anaizima kwa kuchomoa waya, na Injinia anacheka, dogo ni la wazee, bwana, sisi tunataka mtaa ujue tumefika, tumefika wapi, sisi tunaosukuma gari asubuhi ndiyo liwake... haya, wanapima tena, mara ya tatu hii, wanaume watatu na futi moja, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mbona leo buti ni jeupe hivi, tupu hivi, ni kwa sababu kilichokuwa ndani kimeshushwa na kimekaliwa, kipo hapa kando yenu, kina magurudumu mawili makubwa na mama yenu juu yake, mbumbumbu nyinyi... gari lenyewe mume wangu alilinunua akisema ni la mama, la kumpeleka mazoezi ya miguu kila Alhamisi, nililia siku hiyo, nikasema nimepata mume, na sasa fundi anatafuta wa kumshikia ncha ya futi na mama anasema lete, anaishika yeye, anaibana kwenye ukingo wa buti kwa vidole viwili, vidole vilevile vilivyofua nepi za mwanangu beseni likiwa mapajani, wiki sita, mimi nimelala na uzazi, sikumwomba... anashika vizuri isiteleze, anapimiwa kubaki nyumbani na anasaidia kupima. Namtazama. Anajua, anajua tangu mwanzo, ananitikisia kichwa kidogo, anasema chinichini, "Mwache, mwanangu, afurahi," na mtoto anajinyoosha mgongoni, fundi ana penseli sikioni, anauliza, "Basi niandike la tundu, bosi, nikate?" na mume wangu anamwangalia Injinia, wa makava, ndiye anayeamua mama yangu atoke au asitoke... nimesema mama yangu... nawadharau hawa tangu asubuhi, nimewadharau hadi nimeshiba, na huku nimesimama mikono kifuani nasubiri waone wenyewe ili niseme niliwaambia, wakati sijawaambia, nimeona kabla ya wote na nimenyamaza, nikaita heshima, basi mjinga wa nne ni mimi, na ndiye mbaya zaidi, wao angalau hawajaona. Futi bado imenyooka, mama bado ameibana.

"Baba watoto," nasema, "hicho kiti mama alichokalia, tukirudi nyumbani kitakaa wapi?"

Lilikatwa dogo, la kuzibwa, na Alhamisi mama alikwenda mazoezi.